Chui wa Nani? Picha za Mwituni, Picha za Tunduni na Maneno Yaliyo Chini Yake

Picha ya jagwa iliyopigwa Afrika haiwezi kudanganya. Jagwa ni mnyama wa Amerika, kuanzia Meksiko hadi kaskazini mwa Argentina. Mwitu wa kwetu haumjui. Kwa hiyo mtu akionyeshwa mnyama mwenye kichwa kizito, shingo fupi na madoa makubwa yaliyojipanga kama maua yenye vitone katikati, kisha akaambiwa kwamba picha hiyo imepigwa Johannesburg au Nairobi, hana haja ya kutafuta nondo wala waya. Anajua kwamba ukuta upo, zamu ya kulisha ipo, na funguo zimo mfukoni mwa mtu. Chui ni habari nyingine. Ni ndugu wa jagwa, mwili wake ni mwepesi zaidi, maua ya madoa yake kwa kawaida hayana kitone ndani, na huku yupo, hata katika milima ya Magaliesberg, mwendo usio mrefu wa gari kutoka hapa Johannesburg. Chui aliyefungwa anaweza kupigwa picha leo mchana, na kesho akatokea katika kalenda, katika kijitabu cha utalii au katika jalada la riwaya akiwa chui wa mwituni, na nyasi zilezile za nyuma ya tundu zikamtolea ushahidi.

Makala haya yanauchunguza udanganyifu huo, ingawa shabaha yake si kuwafichua wadanganyifu. Hoja yangu ni kwamba tofauti kati ya mwitu na kifungo, ambayo tunadhani imo ndani ya picha, aghalabu imo katika maneno yaliyo chini ya picha. Na kwa kuwa ni jambo la maneno, linamhusu mhakiki wa fasihi kama linavyomhusu mwanabiolojia.

Niandikapo haya nipo La Rochelle, kusini mwa jiji, ng'ambo ya barabara kuu ya M2 na vilima vya mchanga vilivyoachwa na migodi ya dhahabu. Mtaa huu ulijulikana kwa Wareno waliotoka Madeira, kisha kwa wale waliotoka Msumbiji na Angola uhuru ulipofika mwaka 1975. Leo ukipita Johannesburg Road utasikia Kilingala, Kireno cha Maputo na Kiswahili cha Lubumbashi na Bukavu katika umbali wa maduka matatu. Katika vibanda vya kutengenezea simu na kupigia picha, nyuma ya kiti cha mteja hutundikwa pazia la plastiki lililochapwa mandhari: maporomoko ya maji, ngazi za kasri, na mara kwa mara chui amelala juu ya tawi. Wateja wa Kikongo humpenda chui huyo. Kwa waliokulia Zaire yeye ni kofia ya Mobutu, na ni jina la timu ya taifa iliyokwenda Ujerumani Magharibi kwenye Kombe la Dunia la mwaka 1974. Nimewahi kumsikia mzee mmoja wa Bukavu akimwonya mpigapicha kwa upole, "Kijana, usikate mukia ya chui." Alitaka chui mzima. Wala hakuna anayedanganyika hapo. Picha ya pazia ni ya kweli kwa namna ileile ya picha ya jagwa wa Afrika: usanii wake umesimama wazi mbele ya macho. Matatizo huanza pale picha inapoahidi kwamba hakuna pazia.

Ahadi hiyo ina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imeanzia kwetu. Mwaka 1905 Mjerumani Carl Georg Schillings alichapisha Leipzig kitabu kiitwacho Mit Blitzlicht und Büchse, yaani kwa mwako na bunduki, chenye picha zaidi ya 300 alizozipiga mchana na usiku katika nyika za Kilimanjaro, Umasaini na bonde la Pangani. Ulaya ilikuwa haijaona kitu kama kile: simba, fisi na chui wamefumaniwa gizani na mwako wa unga wa magnesiamu, macho yao yakimeremeta, nyasi zikiwa nyeupe kama chumvi. Toleo la Kijerumani lilijinadi kwa neno moja ambalo ningependa kila mwanafunzi wa uhakiki alijue, urkundtreu. Maana yake ni kwamba picha zimechapwa kwa uaminifu wa hati, bila kuguswa kwa brashi.

Neno lile ni la kweli, na upotoshaji wake umo ndani ya ukweli huohuo. Schillings hakuchora juu ya picha. Lakini ili mnyama mkali aje usiku mahali hasa ambapo lenzi imeelekezwa, ilibidi pawepo jambo la kumleta, na jambo hilo mara nyingi lilikuwa punda au maksai aliyefungwa kamba. Mwandishi mwenyewe hafichi. Anaeleza chambo chake kama fundi anavyoeleza zana. Hebu basi tuitazame fremu upya. Mnyama huru anamjia mnyama asiyeweza kukimbia. Kifungo kimo ndani ya picha ya mwituni, kimo katikati kabisa, ila kimehamishiwa kwa mwingine, na kwa sababu mwingine huyo ni punda tu, jicho linampita. Sidhani kuna picha ya zama zile inayofundisha kusoma kuliko hizi. Mtazamaji ameelekezwa amwone simba, na akishamwona simba, kamba inakuwa sehemu ya majani.

Na nje ya fremu wapo watu waliomfunga punda. Msafara wa Schillings, kama misafara yote ya bara wakati ule, ulibebwa vichwani na mabegani na wapagazi, na lugha iliyouendesha ilikuwa Kiswahili. Masanduku ya kamera, vioo vya negativi, unga wa mwako ulioweza kumlipukia aushikaye, vyote vilifika porini juu ya shingo za watu. Picha hata hivyo zimebaki kuwa kazi ya jicho la mtu mmoja. Nataja pia, kwa kuwa wanaomsifu hulitenga jambo hili katika sura nyingine, kwamba mtu huyuhuyu aliyewafundisha Wazungu kuuota mwitu wa Afrika Mashariki ndiye aliyempeleka kifaru mchanga kutoka huku hadi bustani ya wanyama ya Berlin. Kwake yeye kupiga picha, kuua na kufunga zilikuwa kazi tatu za msafara mmoja.

Miaka minne baadaye, Theodore Roosevelt alipokuwa akiwinda Afrika Mashariki, mtengeneza filamu William Selig wa Chicago aliona njia fupi. Alimpata simba mzee, akajenga pori ndani ya studio, akamtafuta mwigizaji anayefanana na rais huyo mstaafu, na simba akauawa mbele ya kamera. Filamu iliuzwa mwaka 1909 kama uwindaji wa Afrika, na watu wakajaa kuitazama. Selig anaitwa tapeli na Schillings mwanzilishi, nami sina ugomvi na majina hayo. Ila tukiwauliza wote wawili swali moja tu, nani alikuwa amefungwa, majibu yao yanakaribiana kuliko tunavyopenda.

Swali hilo lilirudi Laikipia mwezi Februari 2019. Mwingereza Will Burrard-Lucas alikuwa ametega kamera katika eneo la Laikipia Wilderness Camp, kamera zinazojifyatua zenyewe mnyama apitapo mbele ya kifaa kinachohisi mwendo na joto, na akapata chui mweusi. Picha zile ni nzuri, nasema bila kigugumizi. Weusi juu ya weusi ni mtihani mgumu: mwanga ukizidi, mnyama anageuka kijivu; ukipungua, yanabaki macho mawili yanayoelea hewani. Katika picha zake bora mwanga unapita juu ya manyoya hadi madoa yanajitokeza, kama maandishi ya zamani chini ya chokaa. Maana chui mweusi si kiumbe wa namna nyingine. Ni chui yuleyule aliyejaaliwa melanini nyingi kwa jeni ambayo lazima airithi kwa baba na kwa mama (kwa jagwa ni kinyume, mzazi mmoja anatosha), na kamera za usiku zinazotumia miali isiyoonekana kwa macho huyaonyesha madoa yake yote.

Wakati huohuo watafiti wa taasisi ya bustani ya wanyama ya San Diego, waliokuwa na kamera zao katika hifadhi ya Loisaba, palepale Laikipia, walikuwa wametoa matokeo yao katika jarida la kitaalamu. Wao walisema kwa tahadhari kwamba tangu rekodi ya mwaka 1909 kutoka Addis Ababa, uthibitisho wa kisayansi wa chui mweusi Afrika ulikuwa haba mno. Magazeti ya Ulaya na Marekani yaliikata tahadhari hiyo na kubakiza kichwa cha habari: chui mweusi wa kwanza kuonekana Afrika baada ya miaka 100. Kuonekana na nani? Wafugaji wa Laikipia, waongoza watalii na wenye kambi walikuwa wakimjua; ndio waliomwambia mpigapicha aje. Ndipo gazeti la Daily Nation la Nairobi likajibu kwamba mpigapicha wake, Phoebe Okall, alikuwa na picha ya chui mweusi aliyempiga Laikipia mwaka 2013, katika hifadhi ya Ol Jogi. Wakenya wakashangilia mitandaoni, na kwa haki. Kisha ikaja kuelezwa kwamba chui yule wa 2013 hakuwa wa mwituni. Alikuwa ameletwa kutoka Marekani akiwa mtoto na kulelewa na watu.

Wengi waliuona mjadala kuwa umekwisha hapo, goli moja kwa moja. Kwangu ndipo ulipoanza kuwa na maana. Ziwekeni picha hizo mbili bega kwa bega, na mzifunike maelezo. Huyu ni chui mweusi, na yule ni chui mweusi; ardhi ni ya Laikipia huku na huku. Hakuna alama ya mwili inayotuambia kwamba mmoja amezaliwa vichakani na mwingine ameletwa kwa ndege. Kilichoamua ni sentensi, tena sentensi iliyotoka kwa mwenye shamba. Na sentensi hiyo ikishaamua, thamani ya picha moja inapanda na ya nyingine inaporomoka, ingawa hakuna hata nukta moja ya wino iliyobadilika katika yoyote kati yake. Tunaambiwa kila siku kwamba picha moja hushinda maneno elfu. Hapa maneno mawili, wa kufugwa, yameishinda picha.

Hata neno lililoshinda, wa mwituni, halijafanyiwa uhakiki wa kutosha. Laikipia si mwitu kwa maana ya ngano. Ni nchi ya ranchi kubwa za watu binafsi na hifadhi zenye mipaka, na wakati wa ukame wa mwaka 2017 wafugaji walizivunja nyua zake na watu wakafa. John Mbaria na Mordecai Ogada walikuwa wamekwisha kuandika mwaka 2016, katika The Big Conservation Lie, jinsi uhifadhi wa Kenya unavyosimuliwa kana kwamba Mwafrika ni kero iliyoingia katika picha. Kitabu hicho kina hasira nyingi, na mahali pengine hasira inamtangulia mwandishi hoja. Lakini swali lake linaifaa picha ya chui mweusi. Uzio wa Laikipia humzuia mfugaji kabla haujamzuia chui. Tunamwita chui huyu huru kwa sababu anapita usiku mahali ambapo mtu wa jirani akipita usiku anaitwa mvamizi.

Burrard-Lucas alitoa kitabu mwaka 2021, The Black Leopard, na jina dogo la kitabu linaitangaza kuwa ni safari yake ya kumtafuta mnyama huyo. Kama albamu ya picha nakipendekeza. Kama masimulizi kimefuata mkondo uliokwisha kuchimbwa na Schillings: mtu wa mbali ana ndoto ya utotoni, ndoto inamleta Afrika, Afrika inamfichia, subira yake inalipwa. Wenyeji wanashukuriwa, tena kwa moyo mweupe. Hata hivyo shukrani si nafasi katika msuko. Nilichokipenda zaidi kilitoka nje ya kitabu. Chui jike mweusi wa eneo hilo, aliyekuja kuwa maarufu kwa watalii miaka iliyofuata, anaitwa Giza Mrembo. Mwanafunzi wa sarufi atakwaruzwa kidogo: giza ni la ngeli ya ji-ma, ni giza nene, giza totoro. Mrembo ni mtu. Aliyempa jina hilo amelitoa giza katika ngeli yake na kulikalisha pamoja na viumbe wenye roho. Sijakutana na maelezo ya picha yaliyofanya kazi kubwa hivyo kwa maneno mawili.

Kiswahili chenyewe kina la kusema hapa. Waandishi wa Kiingereza wamechoka kutukumbusha kwamba kwao kamera na bunduki hutumia kitenzi kimoja. Kwetu kupiga hakutoshi kuwa hoja, maana tunapiga picha, pasi, simu, hodi na miayo. Kitenzi chetu cha kutazamwa ni kunasa. Ndege amenaswa na ulimbo. Waziri amenaswa na kamera. Chui amenaswa katika picha. Na kifaa kile cha Laikipia tunakiita kamera ya mtego, wala hatuoni ajabu. Katika lugha yetu, basi, picha ya mnyama wa mwituni ni mnyama aliyekwisha kunaswa, na tofauti yake na aliye tunduni ni kwamba mtego umemwachia mwili.

Twende sasa kwenye tundu lenyewe. Kutoka La Rochelle hadi bustani ya wanyama ya Johannesburg ni teksi mbili, moja ya kwenda mjini na nyingine inayopanda Jan Smuts Avenue kuelekea Rosebank. Bustani hiyo ilianzishwa mwaka 1904, yaani karibu wakati uleule Schillings alipokuwa akilipua magnesiamu yake Pangani. Kila Jumapili pana watu wenye lenzi ndefu mbele ya paka wakubwa, na ukisimama kando yao utajifunza ufundi wa kuufuta uzio. Lenzi husogezwa hadi iguse waya, tundu lake hufunguliwa mpaka mwisho, kisha mpigapicha husubiri mnyama aende mbali na waya upande wa ndani. Waya hugeuka ukungu, ukungu huyeyuka, na anabaki chui peke yake na majani nyuma yake. Hakuna kompyuta iliyotumika. Ni fizikia ya kioo tu, urkundtreu kabisa.

Lakini tundu halifutiki lote. Mnyama aliyefungwa huchora ardhi: hupita njia ileile mara nyingi hata nyasi zinakufa, na ukanda wa udongo mtupu kando ya ukuta ni sahihi yake. Hutazama upande mmoja saa fulani, upande wa mlango wa chakula. Mpigapicha hodari hukwepa hayo yote, na ndiyo maana picha nyingi za bustani ni uso tupu, macho na masharubu, kama pasipoti. Kwa maoni yangu ushairi umelishinda jambo hili kwa mbali. Rainer Maria Rilke alipoandika shairi lake juu ya chui wa Jardin des Plantes mjini Paris, mwanzoni mwa karne iliyopita, hakuziondoa nondo. Alizifanya nusu ya shairi. Ted Hughes naye katika diwani yake ya kwanza, mwaka 1957, alimweka jagwa wake mbele ya watu waliokuja kumtazama, ili tumwone mnyama na umati kwa pamoja. Mpigapicha wa Jumapili anawaondoa nondo na umati, kisha anashangaa kwamba picha yake haina uhai.

Kwa nini wafutwe? Kwa sababu soko linataka mwitu. Mwaka 2009 tuzo kubwa ya picha za wanyama inayotolewa London ilikwenda kwa Mhispania José Luis Rodríguez kwa picha ya mbwa mwitu akiruka lango. Januari 2010 majaji waliiondoa, wakiamini kwamba huyo alikuwa mnyama aliyefunzwa, ingawa mpigapicha alikana. Watu waliona walindaji wa ukweli wamefanya kazi yao. Lakini kanuni ya mashindano inamlinda mtazamaji asidanganywe. Haimwangalii mbwa mwitu. Hapa Afrika Kusini, ambako maelfu ya simba wamezaliwa na kufia nyuma ya uzio, watalii wamelipia kwa miaka mingi kupigwa picha wakiwa wamebeba watoto wa simba. Picha hizo hazidanganyi mtu. Maelezo yake ni ya kweli, kila mtu anajua mtoto yule ni wa kufugwa, na bado zilikuwa sehemu ya biashara ambayo Waziri Barbara Creecy alitangaza Mei 2021, baada ya ripoti ya jopo la wataalamu, kwamba serikali inakusudia kuikomesha. Ukweli wa maelezo haukumwokoa mnyama.

Nimefikia hapa nikitaka kupendekeza kwamba badala ya kuuliza picha imepigwa wapi, mwituni au tunduni, tuulize: chui wa nani? Nani anamlisha, nani ana ardhi anayokanyaga, nani alimfunga punda, nani atapata fedha ya picha? Ni swali zuri. Ila Waswahili tumekwisha kuliuliza, kwa dhati kuliko mpigapicha yeyote, na kisiwa cha Unguja kinajua lilivyojibiwa.

Unguja ilikuwa na chui wake, mdogo kuliko wa bara, mwenye madoa yaliyosambaa na kusagika. Martin Walsh na Helle Goldman, waliofanya utafiti wao huko kwa miaka mingi, wameeleza kwa kina imani iliyoenea mashambani kwamba chui wengi hawakuwa wanyama wa mwituni hata kidogo, bali chui wa kufugwa: mali ya wachawi, waliowatuma kuua mifugo, kutisha watu na kulipiza visasi. Mtu alipoliwa mbuzi, swali halikuwa chui ametoka msitu gani. Lilikuwa, ni wa nani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 swali hilo lilipata nguvu ya umma. Kampeni iliyoongozwa na mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi ilizunguka kisiwa ikiwasaka wachawi na chui kwa pamoja, na wawindaji wakaendelea na kazi ya kuwamaliza wanyama hao miaka iliyofuata. Aliyeuawa alikuwa chui. Aliyekusudiwa alikuwa mmiliki wake.

Wataalamu walipokuja kuhitimisha kwamba huenda chui wa Unguja ametoweka, wanakijiji wengi hawakuafiki. Wako, walisema, ila wamefichwa na wenyewe. Makala ya Walsh na Goldman ya mwaka 2012 yanasimulia jinsi hata wahifadhi walivyovutwa na habari za wafugaji wa chui, wakatumaini kwamba wangeonyeshwa mnyama, labda hata watalii walipie kumwona. Hapo mpaka wetu wa mwitu na tundu unavunjika kabisa. Kwa sayansi chui wa mwituni ndiye halisi na wa kufugwa ni uzushi. Kwa wenyeji wa kufugwa ndiye aliyebaki na wa mwituni ndiye hayupo. Wote wawili wanasubiri picha.

Picha inayozunguka zaidi ni ya chui aliyekaushwa katika makumbusho ya Zanzibar, ngozi iliyofifia juu ya umbo gumu, macho ya bandia. Yeye ndiye chui mtiifu kuliko wote: hahitaji chambo, wala mtego, wala uzio wa kufutwa. Jina lake la kisayansi, alilopewa na R. I. Pocock mwaka 1932, ni Panthera pardus adersi, kwa heshima ya Aders, mtaalamu wa serikali ya kikoloni kisiwani. Kwa Kilatini adersi maana yake ni "wa Aders". Kwa hiyo walipokuwa wanakijiji wakiuliza chui huyu ni wa nani, maktaba za London zilikuwa na jibu.

Mwaka 2018 kipindi kimoja cha televisheni cha Marekani kilionyesha kipande kifupi cha video kutoka kamera ya mtego iliyowekwa Unguja. Ni usiku. Chui anaingia kwenye fremu, anapita, anatoka. Watangazaji walishangilia ufufuo, watafiti wakataka ushahidi zaidi, na kipande chenyewe hakikuweza kumsaidia yeyote kati yao, kwa sababu mnyama anayepita gizani hasemi kama amezaliwa Jozani, amevushwa bahari kwa jahazi, au ametoka kwenye banda la mtu jioni ile. Nilipowaonyesha wanafunzi wangu video hiyo darasani, wa Johannesburg waliuliza kama ni ya kweli. Binti mmoja aliyelelewa Makunduchi aliomba niirudie polepole, akasogea karibu na skrini, akawa anaitazama shingo.